UZI MAALUMU: Kufufua vigongeo, saunda na rilei za telegrafu za zamani

Fundi Nukta

Wakuu, swali la "nina saunda ya zamani, niiwekee betri ya volti ngapi?" limetapakaa kwenye nyuzi ndogondogo, kila uzi na jibu lake, na baadhi ya majibu hayo yanaunguza koili. Tujaze kila kitu humu.

Majina kwanza, tusichanganyane. Kigongeo ni kile cha kupigia kwa vidole. Saunda ni ile yenye koili mbili zilizosimama na mkono wa brasi unaogonga chini na juu. Mpokeaji anaisoma kwa sikio. Rilei ina koili zilizolala, haina kelele, na kazi yake ni kupokea mkondo dhaifu wa laini ndefu na kufunga saketi ya pili yenye betri ya karibu. Amecha ni kipande cha chuma kinachovutwa na koili.

Cha kujua mapema ni mfumo ambao kifaa kilitoka. Marekani walitumia saketi iliyofungwa: laini ikiwa kimya, umeme unapita muda wote na amecha za saunda zote zimevutwa chini. Kwa hiyo kigongeo cha Kimarekani kina kijiti pembeni cha kufungia saketi. Unakifungua ukitaka kutuma, unakirudisha ukimaliza. Ukisahau kukirudisha, laini nzima imekufa mpaka mtu akugundue. Ulaya na sehemu nyingi nyingine walitumia saketi iliyo wazi: laini ikiwa kimya hakuna umeme, na kigongeo kina vituo vitatu vya waya. Kituo cha mkono kinaenda kwenye laini, cha mbele kwenye betri, cha nyuma kwenye kipokezi. Mkono ukiwa umepumzika unagusa pointi ya nyuma, yaani unasikiliza; ukiubonyeza unagusa ya mbele, yaani unatuma.

Sasa mtu anachukua kigongeo cha vituo vitatu, anakiweka kwenye saketi ya Kimarekani pamoja na saunda, halafu anasema saunda ni mbovu kwa kuwa wenzake hawasikiki. Saunda ni nzima. Saketi iko wazi kila asipobonyeza. Dawa yake ni swichi ndogo sambamba na pointi ya mbele, ifanye kazi ya kile kijiti.

Kabla ya kuweka umeme wowote, chukua mita upime ukinzani wa koili. Gusisha kwanza nyaya za mita zenyewe kwa zenyewe, usome, utoe hiyo namba kwenye kila kipimo. Kwenye saunda ya omu 4, nusu omu ya nyaya si kitu kidogo. Kisha pima kati ya koili na fremu ya brasi. Hapo unataka mita isome mamilioni ya omu au isione kitu kabisa.

---

Kistari Kirefu

Hapo kwenye vipimo naomba uendelee mkuu. Yangu imepigwa namba 4 chini ya kitako, mita inasoma 4.3. Betri gani?

---

Fundi Nukta

Hiyo ni saunda ya saketi ya ndani, ile iliyokuwa inaendeshwa na rilei. Inataka karibu miliampia 250. Usifikirie volti, fikiria mkondo. Volti moja kwenye omu 4 inakupa huo mkondo, kwa hiyo betri moja ya volti 1.5 itaigonga, ila itachoka mapema na sauti itakuwa ya uvivu.

Njia bora ni chanzo cha volti 12 na rezista mfululizo na koili. 12 gawanya kwa 0.25 ni omu 48 kwa jumla. Toa 4 za koili, zinabaki 44. Rezista ya dukani iliyo karibu ni 47, mkondo unakuwa miliampia 235 hivi, unatosha. Rezista hiyo inakula wati 2.6, basi weka ya wati 5 na uiache ipate hewa. Ya robo wati itatoa moshi.

Kwa nini uvute volti 12 halafu uziteketeze kwenye rezista? Kwa sababu koili haijazi umeme papo hapo. Muda wake wa kujaa unategemea uwiano wa koili na ukinzani wote wa saketi; ukinzani ukiwa mkubwa, mkondo unafika kileleni upesi na amecha inashuka kwa kishindo. Saunda ileile yenye mlio wa kikohozi kwa volti 1.5 inakuwa kali kabisa kwa 12 na rezista.

Za omu 20 zinataka karibu miliampia 100: volti 12 na rezista ya omu 100, wati 2 au 3. Za laini kuu, omu 120 hivi, zinatosheka na miliampia 50: volti 24 na rezista ya 390, wati 2. Rilei ya laini kuu mara nyingi ni omu 150 na inafanya kazi kwa miliampia 40 hadi 50.

Chanzo kiwe kile kilichotenganishwa na umeme wa ukutani, kisizidi volti 30. Brasi yote unayoigusa kwenye hivi vifaa ina umeme, hakuna aliyejali kuifunika.

---

Mrututu

Naongeza: usisahau cheche. Ukiachia kigongeo, koili inarudisha volti nyingi na inachoma pointi. Weka dayodi sambamba na koili, mstari wake upande wa chanya. Imeisha hiyo.

---

Amecha

Haijaisha mkuu. Dayodi tupu inaua cheche kweli, lakini mkondo unaendelea kuzunguka ndani ya koili baada ya kuachia, na amecha inachelewa kupanda. Kwa maneno 20 kwa dakika nukta moja ni milisekunde 60 tu. Ukichelewesha kupanda, nukta zote zinanenepa na nafasi kati yake zinakonda, na anayesoma kwa sikio ndiyo hizo anazisoma.

Weka rezista sambamba na koili, thamani yake karibu mara 20 ya koili. Kwa omu 4 weka 82. Kwa omu 120 weka 2,200 au 2,400. Inakula mkondo kidogo sana saketi ikiwa imefungwa, na volti ya kurudi inabaki takriban mara 20 ya ile iliyokuwa kwenye koili, ambayo pointi za platinamu zinaivumilia. Saunda za Posta ya Uingereza zilitoka kiwandani na rezista ya namna hiyo tayari imefungwa kwenye kitako. Ukiikuta, usiitoe ukidhani ni fundi wa baadaye kaiongeza. Na ukipima koili bila kujua ipo, utasoma pungufu kidogo ya ukinzani halisi.

Anayetaka dayodi kwa nguvu zote, aifunge mfululizo na rezista ya mara 10 ya koili.

---

Mrututu

Nimekubali. Rezista peke yake ni rahisi na haina upande wa kukosea.

---

Kistari Kirefu

Sawa, yangu sasa inagonga. Tatizo: inashuka vizuri ila wakati mwingine inaganda chini haipandi. Nikikaza springi inapanda lakini inaacha kushuka kwenye nukta fupi.

---

Fundi Nukta

Amecha yako inagusa vichwa vya koili. Isiguse kamwe. Chuma laini kinabaki na sumaku kidogo hata baada ya umeme kukatika, na chuma kikilala juu ya chuma, hiyo sumaku kidogo inatosha kukishikilia. Watu wanaikimbilia springi, na hapo ndipo marekebisho yote yanaharibika.

Fuata mpangilio huu, usiruke.

Legeza springi mpaka ibaki na mvuto mdogo tu. Legeza nati za kufungia za skrubu zote mbili, ya juu na ya chini. Weka karatasi mbili za kawaida za kuandikia, jumla kama milimita 0.2, kati ya amecha na vichwa vya koili. Bonyeza mkono kwa kidole mpaka amecha ikae juu ya karatasi, kisha kaza skrubu ya chini mpaka iguse kituo chake, ufunge nati yake. Vuta karatasi. Zikitoka kwa kukwaruza kidogo, umepatia. Zikitoka zenyewe, nafasi ni kubwa. Zikichanika, ni ndogo. Angalia vichwa vyote viwili, kwa sababu amecha iliyokaa upande inagusa kimoja tu na inaganda vilevile.

Sasa skrubu ya juu. Hiyo inaamua mkono unapanda kiasi gani. Anza na nusu milimita. Mwendo mrefu unatoa sauti kubwa lakini unakula muda. Mwendo mfupi ni mwepesi lakini mlio unakuwa kama saa ya mkononi.

Springi ni ya mwisho. Weka umeme, piga nukta mfululizo kwa kasi yako ya kawaida, kaza springi taratibu mpaka mkono uanze kukosa nukta, halafu rudisha nusu mzunguko. Hapo ndipo mahali pake.

Kabla ya yote hayo, shika mkono wa saunda uutikise pembeni. Ukicheza, egemeo limelegea. Skrubu za egemeo zikazwe mpaka mchezo wa pembeni uishe, kisha zirudishwe kidogo sana ili mkono udondoke wenyewe kwa uzito wake bila springi. Mkono unaocheza unatoa mlio wa pili wa bandia baada ya kila mgongo, na hakuna skrubu nyingine itakayouondoa.

---

Sikio la Laini

Mtu akimaliza hapo asikilize kitu kimoja: mlio wa kushuka na wa kupanda lazima utofautiane. Saunda haipigi "diii" kama redio. Inatoa migongo miwili, na nukta au kistari ni muda kati ya hiyo migongo. Kama yote miwili ina sauti sawa, baada ya dakika chache sikio linapoteza lipi ni mwanzo na lipi ni mwisho, na unaanza kusoma nafasi badala ya alama. Mlio wa kushuka uwe mzito. Ukikuta umefanana, kagua kwanza kama skrubu zinazofunga fremu kwenye ubao zimekazwa na kama kituo cha chini hakina uchafu.

Ubao wenyewe ni sehemu ya ala. Saunda iliyofungwa kwenye ubao mnene wa mti mgumu, na ubao umelala mezani moja kwa moja, inasikika chumba kizima. Iweke juu ya sponji uone inavyokufa. Makarani wa stesheni za reli Marekani walikuwa wanachomeka kopo tupu la tumbaku nyuma ya saunda ili mlio wake ujulikane kati ya saunda nyingine za chumba. Inafanya kazi hadi leo.

---

Kistari Kirefu

Karatasi mbili zimeimaliza kazi. Haigandi tena na springi nimeilegeza karibu nusu. Sasa kigongeo. Mkono unakwama kwama katikati.

---

Amecha

Kigongeo kina marekebisho manne na yote yanaingiliana: egemeo, mpangilio wa pointi, nafasi ya pointi, springi. Kwa utaratibu huohuo.

Kukwama katikati karibu kila mara ni egemeo. Skrubu mbili za pembeni zimekazwa mno, au ncha zake zina mafuta yaliyoganda kama gundi. Toa mkono, safisha ncha na vitundu kwa spiriti, rudisha, tone moja la mafuta ya cherehani kila upande, lifute. Kaza kama alivyoeleza Fundi Nukta kwenye saunda. Vigongeo vya zamani vya mkono wa brasi vilikuwa na mhimili wa chuma uliopigwa kupita katikati ya mkono, na baada ya miaka mhimili ulikuwa unalegea ndani ya brasi. James H. Bunnell alipata hataza tarehe 15 Februari 1881 ya mkono na mhimili vilivyotengenezwa kwa kipande kimoja cha chuma, na ugonjwa huo ukaisha. Kama chako ni cha mkono wa brasi wa kabla ya hapo na mhimili unacheza ndani ya mkono, kukaza skrubu za pembeni hakusaidii kitu.

Pointi zitazamane katikati. Ukiona ya juu imekaa pembeni ya ile ya chini, sogeza mkono wote kushoto au kulia kwa kulegeza skrubu moja ya egemeo na kukaza nyingine kwa kiasi kilekile.

Nafasi ya pointi: karatasi moja au mbili. Anayejifunza huanza na nafasi pana kwa sababu anataka kusikia anapobonyeza, akizoea anapunguza. Springi iwe na nguvu ya kurudisha mkono bila kusukuma kidole. Watu wanakaza springi kupita kiasi, halafu wanalalamika mkono unauma baada ya nusu saa. Makarani waliugua ugonjwa huo kweli, mkono ukafa ganzi, na ndiyo sababu Horace Martin akaja na Vibroplex mwanzoni mwa karne ya 20, kigongeo cha kusukuma pembeni kinachotoa nukta chenyewe kwa mkono unaotetema.

Pointi zenyewe zisiguswe na msasa. Ni platinamu au fedha, tabaka jembamba. Kata kipande cha karatasi ngumu, kama ya kadi, kilowanishe kwa spiriti, kibane kati ya pointi, kivute mara kadhaa mpaka kitoke cheupe. Kama kuna shimo la kuungua, jiwe laini sana la kunolea, mara mbili tatu, basi.

---

Brasi Safi

Mmesahau kusafisha. Kifaa cheusi kwa uchafu hakivutii. Chovya vipande vya brasi kwenye dawa ya kung'arishia yenye amonia, halafu gurudumu la kitambaa kwenye mota. Kinatoka kama kipya.

---

Fundi Nukta

Mkuu, hapa nakupinga kwa nguvu.

Amonia inaingia kwenye brasi iliyokandamizwa au kukunjwa na kuipasua nyufa, pengine siku nyingi baadaye. Inajulikana tangu zamani kwenye maganda ya risasi. Gurudumu nalo linalainisha kona zilizokuwa kali na linafuta jina la mtengenezaji na namba zilizopigwa muhuri, na hizo ndizo zinazokitambulisha kifaa. Vifaa vingi vilitoka kiwandani na vanishi ya dhahabu juu ya brasi. Ukiing'arisha umeiondoa, na hairudi.

Sabuni ya maji kidogo, maji ya uvuguvugu, mswaki laini, kausha mara moja. Mafuta yaliyoganda yatolewe kwa mafuta ya taa kwenye pamba. Spiriti iachie pointi na ncha za egemeo tu, isifike kwenye vanishi, kwa sababu inaiyeyusha. Kisha nta nyembamba. Basi. Kutu ya kijani iliyokaa sehemu moja itolewe kwa kijiti cha mti.

Na vifundo vyeusi pamoja na vifuniko vya koili: vingi ni ebonaiti, mpira uliofanywa mgumu kwa salfa. Jua na unyevu vinaufanya uwe wa kahawia na kutoa asidi juu. Ukiutia maji ya moto unageuka kijani kibichi hapohapo. Kitambaa kikavu, nta kidogo, na uutunze gizani.

---

Brasi Safi

Kuhusu amonia nimeelewa. Ila kama vanishi imeshabanduka nusu, kuacha mabaka nayo ni sura gani? Hapo mimi bado nang'arisha, kwa mkono, bila mota.

---

Fundi Nukta

Kwa mkono na kwa kifaa kisicho na vanishi iliyobaki, sina ugomvi. Muhuri wa jina uuzunguke.

---

Mrututu

Wapo wanaotaka kuendesha kwa betri ya asili. Inawezekana na ni rahisi kuliko inavyoonekana. Betri ya mvutano, ile ya Callaud: mtungi wa kioo wa kipenyo cha sentimita 15 hivi, shaba chini, zinki juu yenye umbo la mguu wa kunguru, hakuna ukuta kati yake. Vimiminika viwili vinatenganishwa na uzito wao tu.

Weka bamba la shaba lililokunjwa kama nyota chini kabisa. Waya wake upandao juu lazima uwe na ganda zima mpaka juu ya maji. Ukiwa uchi utaliwa pale zinki ilipo. Mimina kilo moja hadi moja na nusu ya mrututu (salfeti ya shaba, zile chembe za bluu) juu ya shaba. Ning'iniza zinki kwenye ukingo wa mtungi. Jaza maji taratibu mpaka yafunike zinki. Sasa unganisha ncha mbili kwa waya, ziache hivyo kwa siku moja au mbili. Sehemu ya juu itakuwa angavu kwa kujaa salfeti ya zinki, ya chini itakuwa bluu, na mstari kati yake utaonekana wazi. Mimina mafuta mepesi juu, unene wa milimita chache, kuzuia maji yasikauke na chumvi isipande ukingoni.

Kila mtungi unatoa volti 1.08 hivi, na ndani yake kuna ukinzani wa omu mbili tatu. Mitungi miwili mfululizo kwenye saunda ya omu 4 inakupa karibu miliampia 200 hadi 270, ndiyo maana saunda hizo zilipimwa hivyo.

Kinachoharibu: kuiacha bila kazi. Bluu inapanda kidogokidogo, inafika kwenye zinki, zinki inakuwa nyeusi kwa shaba iliyoganda juu yake. Betri hii inataka saketi iliyofungwa muda wote, na ndiyo sababu ilifaa mfumo wa Kimarekani. Mstari wa bluu ukipanda, ifanyishe kazi zaidi. Ukishuka sana, ongeza mrututu. Kwa miliampia 250 usiku na mchana inakula gramu 28 hivi za mrututu na gramu 7 za zinki kwa siku.

Maji yake ni sumu kali kwa samaki na mimea. Usiyamwage mtaroni.

---

Sikio la Laini

Betri kavu za kisasa fanya kinyume: ukiziweka kwenye saketi iliyofungwa muda wote zinaisha kabla hujajua. Fungua kijiti ukiondoka mezani.

---

Waya Mbili

Nina koili moja inasoma omu 2, nyingine mita haioni kitu. Imekufa?

---

Amecha

Siyo lazima. Geuza kitako. Koili mbili zimeungwa kwa waya mfupi chini ya ubao au nyuma ya kipande cha chuma kinachoshika mihimili, na hapo ndipo panapokatika mara nyingi kuliko kwingine. Pengine mtu alilehemu kwa dawa ya asidi na hakusafisha, ikala waya. Mahali pa pili ni waya wa ndani unapotokea kwenye spuli, karibu na mhimili. Toa kifuniko, tafuta ncha ya kijani au nyeusi. Ukipata hata milimita 5 za waya safi, lehemu kwa risasi yenye dawa ya utomvu, uvike hariri au uzi na vanishi ya shelaki.

Ukikata uhusiano wa koili mbili, weka alama kabla. Zikirudishwa kinyume, mita itasoma omu 4 safi, umeme utapita, na amecha haitasogea, kwa kuwa ncha mbili za sumaku zinakuwa za aina moja na hakuna njia ya sumaku kupita kwenye amecha. Jaribu kwa dira ndogo: kichwa kimoja kivute kaskazini ya sindano, kingine kiisukume.

Kama waya umekatika katikati ya mzunguko, kusuka upya hakukwepeki. Pima unene wa waya bila ganda. Mfano, waya wa milimita 0.5 una omu 0.088 kwa mita, kwa hiyo omu 2 za spuli moja ni karibu mita 23. Suka mzunguko kando ya mzunguko kama ulivyoukuta, usijaze ovyo, hautaenea.

Koili yenye unyevu, inayovuja kwenda kwenye fremu, ikaushwe kwa joto la nyuzi 50 hadi 60 kwa saa kadhaa. Usivuke hapo, nta na shelaki zitatiririka.

---

Kistari Kirefu

Je, rilei inarekebishwa kama saunda?

---

Fundi Nukta

Karibu, ila ni nyeti zaidi na ina kitu ambacho saunda haina: skrubu ya nyuma inayosogeza koili zote mbele na nyuma kuelekea amecha. Karani alikuwa na njia mbili za kupunguza nguvu, kurudisha koili nyuma au kukaza springi, na alizitumia siku nzima hali ya hewa ikibadilika.

Sababu ni mvua. Nguzo zikilowa, umeme unavuja kwenda ardhini njiani. Karani wa mbali akifungua kigongeo chake, mkondo kwa karani huyu haufiki sifuri, kwa kuwa betri ya upande wake inaendelea kupeleka umeme kwenye mivujo. Rilei iliyorekebishwa kwa kiangazi inabaki imevutwa tu, haioni kuachia. Ukirudisha koili nyuma kidogo, mkondo wa kuvuja unashindwa kuishika amecha na ule mkamilifu bado unaivuta.

Mezani huna mvua, lakini unaweza kuiona: weka rezista ya omu 1,000 hivi sambamba na kigongeo, halafu jaribu kuirekebisha rilei isome. Ni zoezi zuri kuliko maelezo yote haya.

Pointi za rilei ziwe na nafasi ya karatasi moja. Moja kati ya skrubu zake mbili haina pointi ya metali, ina ncha isiyopitisha umeme. Hiyo ni ya kusimamisha tu. Ukizibadilisha upande, saunda itapiga kinyume, inashuka inapotakiwa kupanda.

---

Waya Mbili

Na hizi za mapambo zinazouzwa kama za meli ya zamani, mtu anazitambuaje?

---

Brasi Safi

Hapa nina la kusema. Angalia skrubu: kichwa cha msalaba hakikuwepo. Angalia chini ya brasi: iliyomwagwa kwenye mchanga na kuachwa na chunjuachunju ni ya juzi. Pointi: kama hakuna vidoto vya metali nyeupe, brasi inagonga brasi, haikukusudiwa kufanya kazi. Koili: pima. Nyingi ndani yake ni mti uliozungushiwa waya safu moja, mita haioni kitu kabisa. Bamba kubwa lenye jina la meli mashuhuri na mwaka ni dalili mbaya kuliko zote, kwa sababu watengenezaji wa kweli walipiga muhuri mdogo wa jina lao na tarehe ya hataza, si jina la chombo.

Kagua na nyuzi za skrubu. Vifaa vya Uingereza vya baada ya 1884 vingi vina nyuzi za BA (British Association), zenye pembe ya digrii 47.5. Nati ya milimita inaweza kuingia mizunguko miwili halafu ikauma. Ikiuma, acha, usiilazimishe. Za Kimarekani za zamani kila kiwanda kilikuwa na zake, kwa hiyo skrubu iliyopotea ni ya kuchongwa.

---

Kistari Kirefu

La mwisho. Nimejifunza Morse ya redio. Nikisikiliza rekodi ya stesheni ya reli ya Marekani herufi nyingine nazipata, nyingine ni vurugu.

---

Sikio la Laini

Hiyo ni Morse ya Kimarekani, ya akina Morse na Vail, siyo ya kimataifa iliyokubaliwa Paris mwaka 1865. Herufi nyingi ni zilezile, ndiyo maana unapata nusu. Nyingine zina nafasi ndani yake:

C: nukta nukta, nafasi, nukta
O: nukta, nafasi, nukta
R: nukta, nafasi, nukta nukta
Y: nukta nukta, nafasi, nukta nukta
Z: nukta nukta nukta, nafasi, nukta

L ni kistari kimoja kirefu kuliko cha T, na sifuri ni kirefu zaidi ya hapo. P ni nukta tano. Zinazodanganya sana ni zile zilizobadilishana: unaposikia C yako wao wanamaanisha J, R yako ni F yao, F yako ni Q yao, L yako ni X yao.

Anza na O na R. O ni E mbili zilizokaribiana kuliko kawaida, na kama skrubu ya juu ya saunda imefunguliwa mno, hiyo nafasi ya ndani inapotea na unasikia I. Ukiona O zote zinageuka I, rudi kwenye skrubu kabla ya kulaumu sikio.